Unyayo uliovilia damu usichuliwe

Msimu wa korosho ukifika, magunia hujaa maghalani Masasi, Newala na Nachingwea, na bodaboda hazipumziki. Majeraha ya mguu huja kwa wingi, na karibu yote huitwa "kuteguka". Baadhi hayamo kifundoni kabisa. Kilichoachia ni kiungo cha katikati ya mguu, kiitwacho Lisfranc kwa jina la daktari mpasuaji wa Kifaransa.

Hapo ndipo mifupa mitano mirefu inayoelekea vidoleni inapokutana na vijifupa vya nyuma yake. Shina la mfupa wa pili, kuhesabu kutoka kidole gumba, limechomekwa katikati ya vijifupa vyenye umbo la kabari, likashikwa na kano imara inayotoka kwenye kabari ya upande wa kidole gumba. Shina la mfupa wa kwanza na la pili havijafungwa kano baina yao. Kano ile moja ikikatika, mlango umefunguka: mifupa hiyo huweza kuachana.

Gunia likiangukia juu ya mguu, au gurudumu likiukanyaga, mifupa husagwa moja kwa moja na ngozi huumia vibaya. Lakini mara nyingi nguvu hupita kwa njia nyingine: vidole vimekita chini, kisigino kiko juu, uzito unashuka. Ndivyo inavyokuwa kwa aliyepiga goti gunia likamwangukia kisiginoni, anayedondoka kutoka mkoroshoni, au dereva wa bodaboda ambaye mguu wake umekunjwa kwenye breki wakati wa kugonga. Hata kukanyaga shimo uwanjani hutosha.

Mifupa yote mitano yaweza kuhamia upande mmoja, aghalabu wa nje. Mmoja au miwili ikahama peke yake. Au wa kwanza ukaenda ndani na mingine nje.

Geuza unyayo uutazame. Damu ikivilia katikati yake, na mtu hawezi kusimama kwa vidole, msimpeleke kwa mchuaji. Kuchua hakurudishi mfupa uliohama. Ombeni eksirei ya miguu yote miwili, mgonjwa akiwa amesimama kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwa sababu mtu akilala mifupa huweza kujirudi na picha ikadanganya. Mwanya unaozidi milimita 2 kati ya mashina ya mfupa wa kwanza na wa pili unatia shaka kubwa.

Mifupa isipohama, ni plasta na magongo, bila kukanyagia, kwa takriban wiki 6. Ikihama, ni upasuaji wa kuirudisha na kuikaza kwa skrubu au vyuma. Mguu ukivimba ukakaza, vidole vikafa ganzi na maumivu yakazidi hata baada ya dawa, usisubiri asubuhi: nenda hospitali usiku huohuo.