Nionyeshe lori linaingilia wapi

Jumapili mpwa wangu alikuja nyumbani na ramani zake zimeviringishwa. Anamalizia usanifu majengo, na kazi yake ya mwisho ni kituo cha mikutano cha Dodoma chenye ukumbi mkuu wa watu 3,000. Akazitandaza mezani, pembe akazikandamiza kwa vikombe vya chai. "Mjomba, tazama paa." Paa ni zuri kweli, limeinuka kama yale majabali ya Dodoma. Nikamwambia, nionyeshe kwanza lori linaingilia wapi.

Hakuwa na jibu.

Mimi hufunga mitambo ya sauti na ya ukalimani hapa Arusha, mwaka wa 19 huu. Simba Hall ya AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano cha hapa Arusha, yenye viti 1,350, naijua hata umeme ukikatika. Majengo yale yalikusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata yakawa kituo cha mikutano. Lakini nimefanya kazi pia kwenye ukumbi mmoja, jina naliacha, wenye ngazi za marumaru ambazo kila mgeni anazipiga picha. Lifti ya mizigo haina. Spika zote tulizipandisha kwa ngazi hizo, watu wanne kwa spika moja, na mwenzetu mmoja akaumia mgongo. Hajarudi kazini.

Tukaja kwenye vibanda vya wakalimani. Alikuwa amevipanga vizuri ukutani nyuma. Nikachukua rula, nikapiga mstari wa penseli kutoka kibanda cha tatu hadi jukwaani. Ukagonga nguzo. Mkalimani asipouona mdomo na mikono ya msemaji, nusu ya maneno inampita, na wajumbe wanaomsikiliza wamekosa mkutano. Tena vibanda vilikuwa finyu: cha kudumu cha watu wawili kinatakiwa upana wa mita 2.5, kina mita 2.4, kimo mita 2.3. Na bomba la AC lisipite juu yake, maana mvumo wote huingia kwenye maiki.

Vyoo alivirekebisha mwenyewe kabla sijasema. Foleni ya wanawake wakati wa chai anaijua.

Tulichobishana sana ni kuta za kukunja. Ukumbi wa 3,000 haujai kila wiki, hata kwenye makao makuu ya nchi. Lazima ugawanyike, mahafali ya watu 400 yaweze kukodi upande mmoja huku semina ikiendelea upande wa pili. Yeye ukuta aliuishilizia kwenye dari. Sauti hupanda, ikapita juu ya dari, ikashukia kwa jirani. Kwaya ikianza, semina imekwisha. Kizuizi kinatakiwa kiendelee ndani ya dari mpaka kwenye zege. Akasema gharama. Nikamwambia apunguze kioo cha mbele.

Aliondoka saa moja jioni. Paa lilibaki vilevile. Nguzo ilikuwa imesogea, na upande wa jikoni palikuwa na mlango mpya wa mita nne wa kushushia mizigo, umechorwa kwa penseli.