Mililita 410: siku yangu kliniki ya wanawake, Kigoma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nipo Mwanga, nangoja bodaboda, kanga mabegani. Watu wakisikia nesi wanawaza sindano na kuzalisha. Mimi siku nyingi nashughulika na mkojo: kuupima, kuutoa, kumsafisha mama aliyelowa bila kumwonyesha kinyaa.

Saa moja na nusu tunapokezana zamu. Mpaka saa nne ni presha, vidonda na mipira miwili ya kutolea mkojo ya kubadilisha.

Saa nne na robo akaingia mama mmoja wa Ujiji na mkwe wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumbo tu."

Daftari lake lilisema jingine: dawa za UTI mara tatu ndani ya miezi minne. Nikamwomba mkwe atusubiri nje. Mlango ulipofungwa, mama akaniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja. Nikamjibu wote. Huko nje foleni inanung'unika, mtu kagonga mlango mara mbili kwamba nesi anapiga soga. Sikumharakisha.

Mwisho akasema. Tangu uzazi wa sita, akikohoa mkojo unatoka, akijitwisha beseni la dagaa unatoka. Mwanawe akampeleka mji wa mbali, akafanyiwa upasuaji, akawekewa "kamba". Kuvuja kukakoma, akaambiwa amepona. Tangu hapo anachuchumaa chooni mpaka miguu inakufa ganzi, unatoka matone. Na mzee wake akimkaribia analalamika kuna kitu kinamchoma, mpaka wamehama vitanda.

Kamba hiyo ni mkanda mwembamba wa wavu wa plastiki, polipropilini, unaopitishwa chini ya mrija wa mkojo ili uushikilie mtu anapokohoa au kunyanyua mzigo. Ulianzia Sweden miaka ya 1990, na wanawake wengi umewasaidia kweli. Ila ukikaza kupita kiasi, mrija unabanwa, kibofu hakimalizi mkojo, na mkojo uliolala humo unazaa maambukizi. Tena wavu unaweza kutokeza ukeni, hata miaka baadaye. Mwaka 2018 Uingereza iliusimamisha, isipokuwa kwa hali maalumu, baada ya wanawake wengi kulalamika. Huyu mama hakuambiwa lolote kati ya hayo. Hata karatasi ya kuonyesha alichowekewa hana. Hilo liliniuma.

Nikampa chombo. Dakika ishirini, mililita 60. Nikamwekea mpira: mililita 410 zaidi. Akautazama ule mkojo kwenye jagi.

"Yote haya yalikuwa ndani?"

Ndiyo mama, na wewe unameza vidonge.

Daktari alipompima akakuta nyuzi zimetokeza, zinagusa kidole kama mwiba wa mgebuka. Mzee hakuwa anasingizia. Akaagiza mpira ubaki, tukaanza kuandika rufaa kwa mtaalamu, maana kulegeza au kukata mkanda si kazi ya hapa kwetu. Nikamfundisha kuosha mpira, kuuweka mfuko wa mkojo chini ya kiuno, kunywa maji. Nikarudia, kisha akarudia yeye.

Halafu akaniuliza, "Wakiikata, ule mkojo wa zamani utarudi?"

Sikumdanganya. Kwa wengine unarudi, kwa wengine haurudi. Akanyamaza muda mrefu, nami nikakaa naye pale kitandani.

Chakula sikumbuki nilikula saa ngapi. Wagonjwa waliofuata niliwahudumia wote, miguu imevimba, mgongo unawaka. Sijutii ile saa na zaidi niliyompa. Bila hiyo angeondoka na dawa ya nne.

Jua linaelekea Kongo ndipo navua aproni. Mama alikuwa bado kwenye benchi na mkwe wake, mfuko kaufunika kwa kanga. Akanishika mkono.

"Mwanangu, nikija na mzee kesho, utamwambia wewe? Mimi ataona najitetea."

Nikafungua daftari la kesho nikamwandika wa kwanza, saa mbili kamili, yeye na mzee wake.