Meno yetu, Mlima Meru na shahada yangu ya jiolojia

Ukitokea Ngarenanyuki, Maji ya Chai au kijiji chochote cha upande wetu wa Mlima Meru, ukicheka tu watu wanajua. "Wewe wa Arusha, eh?" Meno yetu ni ya kahawia, na ya wengine yana madoa meusi na vishimo unavyovisikia kwa ulimi. Nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanza chuo, wenzangu wa bwenini waliniuliza taratibu kama kwetu dawa ya meno ni ghali. Nikawajibu kama tulivyojibiwa sote tangu utotoni: ni maji. Lakini kwa nini maji ya kwetu yawe hivyo na ya Dar yasiwe? Hilo hakuna aliyekuwa amenijibu, na ndilo lililonifanya nijaze jiolojia chaguo la kwanza.

Nyumbani walilipokea kwa namna yao. Baba mdogo alishaamua kwamba nitaishia Geita kwenye dhahabu au Mererani kwenye tanzanaiti. Hadi leo nikienda likizo hakosekani mtu wa kuniletea jiwe, limefungwa vizuri kwenye kitambaa. "Mwanangu, hebu liangalie hili." Naliangalia kwa lenzi, nalikwaruza kwa kisu, namweleza ninachokiona. Mara nyingi ni kwatzi, au mika inayometa juani. Nawapenda sana watu hawa. Kuokota jiwe na kuuliza ni nini ndiko kunakoanzia kazi yetu yote.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kushika. Unapewa trei ya madini bila majina, kipande cha kaure kisichong'arishwa cha kupimia rangi ya unga wake, kisu, na asidi hafifu ya kudondoshea uone kama litatoa povu. Ugumu unapangwa kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 ya talki hadi 10 ya almasi. Namba 5 ni apataiti. Mwalimu aliiandika ubaoni: kalsiamu, fosfeti, na nafasi moja inayoweza kukaliwa na floraidi (aina ya florini inayoyeyuka kwenye maji), klorini au haidroksili (jozi ya oksijeni na hidrojeni). Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mifupa na meno ya binadamu ni ya ukoo huohuo wa apataiti. Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nimekuja kutafuta maji, na jibu lilikuwa linaanzia mdomoni mwangu.

Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya taya miaka mingi kabla ya kutokeza. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi, kama ya kwetu, katika miaka ile ya kwanza, mpaka afike kama minane, tabaka la juu la jino haliimariki vizuri, na baadaye linashika rangi. Ndiyo maana mgeni aliyehamia kwetu akiwa mtu mzima anabaki na meno meupe huku wanawe aliowazalia hapa wakiwa kama sisi. Nilikuwa nimeliona hilo maisha yangu yote kwa majirani.

Mwaka wa pili ndio ulionishika kabisa, na kilichonishika ni hadubini. Jiwe linakatwa, linabandikwa kwenye kioo na kusagwa hadi linabaki na unene wa milimita 0.03, mwanga unapita. Kipande cha lava ya kwetu, nefelinaiti, kwa macho ni jiwe jeusi la kuwekea sufuria. Chini ya hadubini unaona madini yake: pairoksini za kijani zenye miviringo ya ukuaji, nefelini zisizo na rangi, na katikati yao vijiti vyembamba vya apataiti. Ukibahatika kukuta kijiti kimekatwa kwa upana, unaona pembe sita zilizonyooka kabisa. Ukipishanisha vichujio viwili vya mwanga, hiyo ya pembe sita inazimika ikawa nyeusi, na ukizungusha meza ya hadubini inabaki nyeusi vilevile. Nilikuwa nakaa maabara hadi mlinzi anakuja kugonga mlango.

Somo la jiokemia, yaani kemia ya miamba na maji yake, likamalizia. Floraidi ipo kwenye miamba ya sehemu nyingi duniani, lakini maji yenye kalsiamu ya kutosha huizuia: vikikutana vinaunda madini ya floraiti, yanaganda na kubaki ardhini. Miamba na majivu ya Meru yamejaa sodiamu. Maji yakipita humo yanabeba sodiamu na baikaboneti, kalsiamu kidogo iliyopo inaganda kama kalsaiti (madini ya chokaa), na floraidi inabaki haina wa kuikamata. Inashuka na maji hadi kwenye ndoo. Maziwa ya Momella, pale ndani ya Hifadhi ya Arusha, yana mamia ya miligramu kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 1.5, na kwa miaka mingi nchi yetu ililazimika kuvumilia hadi 4.

Fildi naieleza kwa ufupi ingawa ndiyo iliyonichosha na kunikomaza. Kongwa na Mpwapwa, jua, nyundo, dira, daftari. Kupima mwelekeo wa tabaka na mwinamo wake mpaka ramani inaanza kuleta maana. Pale karibu na Kongwa kuna kilima cha Mautia, ambako yoderaiti, madini ya rangi ya zambarau, ilielezwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1959. Kusimama juu ya kilima hicho kulinipa heshima mpya kwa nchi hii. Nasema kwa uzito: anayesoma jiolojia akapunguziwa siku za fildi amepunguziwa shahada. Vitabu havikufundishi kutembea.

Utafiti wa mwaka wa mwisho nikaupeleka nyumbani. Nilipanda chemchemi moja baada ya nyingine nikikusanya maji kwenye chupa za plastiki (za kioo hazifai, floraidi hushambuliana na kioo), nikipima joto, pH (kiwango cha uasidi) na uwezo wa kupitisha umeme palepale. Kwa jumla, chemchemi za juu karibu na msitu zilikuwa nafuu, na kadiri maji yalivyokaa na kusafiri kwenye majivu ndivyo floraidi ilivyopanda. Bibi alinifuata siku moja akiegemea fimbo.

"Mjukuu wangu, maji haya tumeyanywa tangu enzi. Unayatafuta nini?"

"Shikamoo bibi. Natafuta yale ya kuwapa watoto."

Akakaa kwenye jiwe kunisubiri nimalize. Jioni nilimweleza pia kuhusu magadi anayotia kwenye maharage ili yaive haraka; magadi nayo yana floraidi, mengine nyingi sana. Hilo lilimuuma kuliko habari za mlima, kwa sababu magadi ni uamuzi wa jikoni kwake. Siku hizi analoweka maharage usiku kucha.

Dawa iliyopo karibu ni mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa joto linalodhibitiwa, inasagwa chenga, maji yanapitishwa humo. Inafanya kazi kwa sababu mfupa ni apataiti, na apataiti inaipokea floraidi ikaiweka katika ile nafasi yake. Floraidi ambayo ingeharibu jino la mtoto inanaswa ndani ya ndoo kabla hujanywa. Shida yake ni kwamba mkaa unashiba. Ukishiba lazima ubadilishwe, na maji hayabadiliki rangi wala ladha kukuonya, kwa hiyo bila kupima unajidanganya. Nimewaonyesha mama na majirani wawili namna ya kuandika tarehe kwenye ndoo, na chupa za majaribio nazibeba mwenyewe nikirudi Dar.

Kama uko kidato cha tano huko Leguruki au King'ori na unaifikiria kozi hii, kemia usiiache. Na mwaka ule wa hadubini, wahi kiti cha karibu na dirisha.