Tufani ametimiza miezi sita

Katika Howrse, mchezo wa mtandaoni wa kufuga farasi, siku moja yetu ni miezi 2 ya farasi, kwa hiyo Tufani, mtoto wangu wa kike, ametoka kunyonya na kuanza malisho hata sijamzoea vizuri. Jioni hii nimeituliza akili kwenye ukurasa wake, nikazisoma stadi zake sita moja moja: ustahimilivu, kasi, dresaji (ile sanaa ya kufuata amri kwa hatua laini), shoti (mbio za nguvu zote), telki (mwendo wa mchakamchaka) na kuruka.

Jumla ya vipaji vyake vya kuzaliwa ni ya wastani. Anayetazama jumla peke yake angemuuza leo hii. Mimi siitazami sana. Kila shindano hupima stadi chache tu, si zote sita, na vipaji vya Tufani vimerundikana kwenye kuruka, dresaji na kasi. Kwa farasi wa mashindano ya kuruka viunzi, hapo ndipo penyewe. Nina dume mmoja zizini mwenye jumla kubwa kumzidi, ila vipaji vyake vimetawanyika kila upande, hana shindano hata moja analoweza kulitawala. Wachezaji wengi hupishana na watoto wazuri namna hii, na huwa inaniuma kuona wakipigwa bei ya kutupa.

Kisha kuna BLUP, alama ya ubora wa farasi kama mzazi, inayoanzia -100 na kupanda hadi 100 kadiri farasi anavyokua, anavyofunzwa na kushinda. Mzazi mwenye BLUP ya juu huwarithisha watoto wake vizuri zaidi. Jina hilo limetoka kwenye sayansi ya kweli ya uzalishaji wa mifugo: ni hesabu iliyobuniwa na Mmarekani Charles Henderson, ya kukadiria thamani ya kizazi ya mnyama, yaani ubora anaoweza kuwarithisha watoto wake, kwa kutumia rekodi zake na za ndugu zake, huku athari za mazingira zikiondolewa. Ufaransa, nchi ulikotengenezwa mchezo huu, huitumia kwa farasi wa kuruka viunzi. Mchezoni maana imegeuzwa. Mazoezi hayabadilishi jeni za farasi yeyote aliye hai, nalijua hilo, lakini kanuni hii naipenda kwa dhati, kwa sababu inamlazimu mchezaji amtunze mama kabla ya kumtamani mtoto.

Kwa Tufani mwenyewe, kazi ya sasa ni ndogo na ya kila siku: chakula, maji, brashi, kulala mapema. Naangalia nguvu, afya na ari yake, na ari ndiyo ninayoilinda zaidi. Mazoezi hayajafika, na sina haraka nayo. Farasi wa kweli mifupa yake haikomai kwa pamoja. Ya miguu hutangulia, na ya mgongo huweza kuchukua hadi miaka 5 au 6. Mchezo unawaingiza mashindanoni mapema kuliko hapo. Ningetamani ungewachelewesha kidogo, walau wale wa viunzi, maana kutua baada ya kuruka kunailemea sana miguu ya mbele.

Kuna aliyeleta ombi la kumnunua, na bei si mbaya. Nimelikataa. Akifikia umri wa mafunzo nitaanza na kuruka mpaka stadi hiyo ijae, nifuatishe dresaji, halafu kasi. Telki nitaiacha ilivyo. Na huyo dume mwenye vipaji vilivyotawanyika sitampandisha kwake hata kama jumla yake inavutia. Nitatafuta baba ambaye naye nguvu zake ziko kwenye kuruka, aliyekwisha kufikisha BLUP ya 100, nimsubiri hata kama itachukua muda.