Bloku ya viraka tisa kwa wanaoanza

Jamani msimu wa korosho ukishafunguka mafundi wa hapa Mtwara hawalali, watu wana hela, ni sare za harusi, sare za ngoma, na pembeni ya kila cherehani kuna salfeti imejaa mabaki ya vitenge ya kutupwa au kujazia mito. Mi hayo ndo nayaomba.

Anayetaka kushona shuka la viraka aanze na bloku, yani mraba mmoja wa viraka tisa, tatu kwa tatu, hata huko Marekani ndo bloku wanayoanza nayo wengi. Chagua pamba tupu. Usimuulize fundi, chomoa uzi uuchome na kiberiti, ukibaki majivu ni pamba, ukijikunja ukawa kidonge kigumu hicho weka pembeni, pasi itakiyeyusha. Af fua kwanza, vitenge vyekundu vinachuja vibaya.

Kata boksi gumu inchi 3 na nusu kila upande, chora na chaki, toa vipande vitano vya rangi iliyokoza na vinne vya rangi nyepesi. Vilivyokoza vinakaa kona nne na katikati. Yale maua makubwa makubwa achana nayo, yanakatwa mpaka huelewi ni nini.

Sasa mshono. Ni robo inchi, sio zaidi, na hapa mafundi wa nguo ndo wanapata tabu maana wamezoea kuacha kitambaa kingi ndani ili mteja akinenepa gauni liachiwe. Bandika selotepu kwenye bati la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kifuate ukingo wake. Ukizidisha nusu ya hiyo robo tu kila mshono, bloku inatoka inchi 9 badala ya 9 na nusu, na ukija kuiunganisha na wenzake haikubali kabisa.

Shona viraka vitatu vitatu upate mistari mitatu. Pasi nayo ina utaratibu, mshono usiutanue, ulaze upande wa rangi iliyokoza. Ukifanya hivyo mishono ya mstari wa juu na wa chini inalala kwenda nje, ya kati inalala kwenda ndani, kwahiyo ukipandanisha mistari hiyo, mishono inagongana yenyewe. Sugua pale na kidole gumba, ukiona hakuna nundu wala shimo kona imekaa, choma pini hapohapo ndo ushone. Pasi ya mkaa inatosha sana ila pangusa majivu kwanza.

Kitanda cha futi 4 kwa 6 kinataka bloku 6 kwa 8, yani 48, taratibu tu. Kwa joto la Mikindani chini weka kanga inatosha, nyie wa Newala mnaojua baridi ya mwezi wa saba wekeni blanketi kuukuu katikati. Na uzi nunua wa kijivu, unakubali rangi karibu zote.