Kijiwe cha Bonde la Teleki

Juzi Sabaki imefurika na bahari hapa Malindi imechafuka hadi upeo wa macho, kitinda mimba wangu akaniuliza: "Mama, tope lote hili latoka wapi?"

"Bara."

"Bara wapi?"

Ndipo nikaukumbuka Mlima Kenya. Mimi wa leso na viatu vya wazi nilifikaje huko, hiyo ni ya siku nyingine. Aliyenidanganya kwamba ni matembezi tu anajijua.

Asubuhi ile tulikuwa Bonde la Teleki, juu ya mita 4,000. Baridi ilininyima usingizi, nikatoka hemani kabla ya jua. Kila nikikanyaga, ardhi yanguruma kwaru, kwaru. Nikachutama, nikabandua kigaga cha udongo kwa ukucha. Chini yake nyuzi za barafu zimesimama, nyembamba kama tambi, zimesongamana, kila moja imejitwika chembe za udongo. Mpagazi wetu akacheka. "Ngoja jua," akasema.

Usiku, barafu ikishika karibu na uso wa ardhi, huvuta maji ya chini na kurefuka, ikiinua kila kilicho juu yake. Kwenye mteremko hukiinua kwa pembe mraba na uso wa ardhi, yaani si wima bali kwa kuinamia upande wa bondeni. Ikiyeyuka, kilichoinuliwa huanguka wima, basi hakirudi kilipokuwa, kimeshuka kidogo. Na kule, karibu na ikweta, hakungojwi majira: usiku huganda, mchana huyeyuka, karibu mwaka mzima. Miche michanga hung'olewa hata mizizi haijashika.

Mimi nilikuwa nimekikodolea macho kijiwe kimoja cheusi. Jua likapiga. Nyuzi zikaanza kulegea, zikalala upande. Kijiwe kikayumba, kikasita, kikabingirika upana wa kidole. Nikapiga kigelegele peke yangu, mtu mzima!

Kilele cha Lenana, mita 4,985, tulifika. Picha ipo.

Nilipomaliza kusimulia, kaka yangu, mvuvi, akadakia: maji ya Mlima Kenya hushuka na Tana, hutokea Kipini, tope la Sabaki ni la mashamba ya Ukambani. Ana haki. Lakini sikukubali kushindwa mbele ya mtoto: na Kilimanjaro je, si maji yake huingia Sabaki kwa Mto Tsavo?

"Sasa mlima upi utaisha kwanza?" mtoto akauliza.

Mjomba mtu akakumbuka nyavu zake. Mimi nikasingizia simu.