Nilitafuta upepo miezi miwili, maji nikayasahau

Naanza kwa kuwaambia kwamba mimi ni mtoto wa Pangani, nimezaliwa pale, na babu yangu mzaa mama alikua mvuvi wa ngalawa mpaka magoti yalipomgomea. Nasema mapema ili mkifika katikati mcheke vizuri.

Huu mchezo wa kaiti, ule wa kusimama kwenye ubao huku unavutwa na kishada baharini, ulinikamata mwaka 2024 kwenye Olimpiki ya Paris. Mashindano ya matanga yalipelekwa Marseille na kaiti ndo ilikua mara yake ya kwanza kuwekwa Olimpiki, nikamuona dada wa Uingereza, Ellie Aldridge, anapita juu ya maji kama bodaboda iliyoona barabara tupu, akabeba dhahabu. Nikasema hiki kitu nitakijaribu kabla sijafika arobaini hata kama nitakunywa bahari nzima.

Kasheshe ikawa niende wapi. Likizo yangu inatoka Julai na haisogezwi, kwahiyo natafuta kisiwa chenye upepo Julai, maji ya kina kifupi, na bei ambayo haitanifanya nirudi kwa miguu. Miezi miwili niko kwenye simu. Ugiriki kuna Naxos na Paros, upepo wao wanauita meltemi, unavuma Julai na Agosti, ila kuna siku unapiga mpaka wanaojifunza wanaambiwa wakae pembeni, halafu kuna viza ya Schengen, wanataka kuona hadi pumzi zako za benki, nikafunga. Fuerteventura kuna ufukwe wa Sotavento, ziwa la kina kifupi zuri hilo, ila Hispania nayo ni viza ileile. Na nakumbuka kabisa nilisoma kwamba lile ziwa linajaa vizuri siku za bamvua, zile maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, nikasoma nikapita kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Sal kule Cape Verde msimu wao ni Novemba mpaka Mei hivi, Boracay ya Ufilipino nayo upepo mzuri unaanza Novemba. Mauritius pale Le Morne Julai ndo msimu wenyewe, lakini nilipoona nauli nikazima simu nikanywa maji.

Mpaka siku moja niko kwenye daladala Tabata, nasoma maelezo ya Mzungu fulani anasifia upepo wa kusini mashariki, mtulivu, unavuma Juni mpaka Septemba, jina lake eti "kusi". Nikacheka peke yangu, dada wa pembeni akasogea. Yaani nimezunguka Ugiriki na Ufilipino kutafuta upepo ambao babu alikua anautaja kila asubuhi akitoka kujisaidia. Paje, Unguja. Boti na daladala basi.

Sifa moja lazima niipe Paje, maana hili nililisoma nikalielewa. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini ni wa kuukimbia, ukikuchukua hurudi. Unaokuja moja kwa moja kutoka baharini nao unakubamiza ufukweni. Unaotakiwa ni wa ubavuni, unaoegemea kidogo nchi kavu, ili ukishindwa ukurudishe pwani. Paje inatazama mashariki, kusi inakuja kutoka kulia, kaskazi ya Desemba mpaka Februari inakuja kutoka kushoto, na mbele kuna mwamba unaovunja mawimbi kwahiyo ndani panakua shwari. Nikajiona nimechagua kwa akili kabisa. Kwenye simu nilikua na programu ya upepo yenye rangi, kijani, njano, na kasi ya upepo kwa noti, kumi na sita, kumi na nane, naiangalia kabla ya kulala kama mtu anayesubiri meseji ya mchumba.

Boti sitaielezea, wanaoijua wanaijua, nilikaa upande usiofaa. Kutoka mjini nikapanda daladala namba 309 ya Jambiani, tukapita msitu wa Jozani, kima punju wako juu ya miti wanatushangaa.

Mambo ya bei sasa. Aisee. Niko nchini kwangu, naongea Kiswahili, mtu ananijibu bei kwa dola. Chumba cha feni, dola. Masomo ya kaiti, dola, na ukiuliza kwa shilingi anatoa kikokotoo kwa huruma kama daktari anayekupa majibu. Kijana mmoja alinisalimia "Jambo! Hakuna matata!", nikamwambia kaka mimi ni wa Pangani, akasema "aah, karibu nyumbani", bei ikabaki palepale.

Siku mbili za mwanzo sina cha kusimulia, nilikunywa maji. Mwalimu wangu ni kijana wa palepale, mpole, akanifundisha kuiongoza kaiti, kuburutwa bila ubao, kuiachia kwa dharura ukiona mambo yameharibika. Siku ya pili jioni akasema kesho asubuhi hakuna maji, tukutane saa saba mchana. Mimi nikamtafsiri vibaya kabisa, nikajua huyu anataka kulala. Usiku ule mwezi ulikua mpevu, mkubwa, mwekundu unatoka baharini, nikaupiga picha kama kumi na tano nikazirusha kwenye grupu la familia. Nikaangalia programu yangu, upepo wa asubuhi kijani safi. Nikasema silali mimi.

Saa moja na nusu asubuhi nikamkuta jamaa mmoja ufukweni anakodisha vifaa vyake mwenyewe, hakuuliza najua au sijui, aliuliza tu hela iko wapi. Kaiti ya mita kumi na mbili, ina kiraka, vali ya kujazia upepo inapumua pole pole kama mzee aliyelala. Akachukua na amana, akasema nikirudisha salama narudishiwa. Maji yalikua kiunoni. Nikaruka.

Na kwakweli nilisimama. Mara moja, pengine sekunde kumi, niko juu ya ubao, chini naona mchanga mweupe unakimbia, nikapiga kelele ambayo hata sijui ilitoka wapi. Halafu nikaanguka, nikanyanyuka, nikaanguka, na kila nikianguka kusi inanisogeza kaskazini, kuelekea Bwejuu, sijui kurudi kinyume na upepo, nasukumwa tu kama ndoo. Sikuangalia nyuma. Nilichogundua baadae ni kwamba kila nikisimama nilikua nasimama vizuri zaidi, nikadhani nimekua hodari, kumbe maji ndo yalikua yanashuka. Kiuno. Magoti. Ugoko. Kisha ubao ukakwaruza chini, nikaenda mbele kwa uso.

Nikanyanyuka naangalia, bahari hakuna. Sitanii. Nimesimama kwenye maji ya kwenye vifundo vya miguu, ufukwe uko kule mbali, minazi imekua midogo kama miswaki, na mbele yangu mpaka mwambani ni mchanga, majani, na vile viumbe vya miiba mirefu myeusi. Kaiti nayo imeshaishiwa upepo tumboni, ikajikunja, ikashuka taratibu kwenye msitu wa vigingi. Kamba zake nne, kila moja zaidi ya mita ishirini, zikazunguka vigingi vyote vilivyokuepo. Nilikua nimetua kwenye shamba la mwani la watu.

Na wenyewe walikua wanakuja. Akina mama kama sita hivi wanatoka ufukweni kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini, kanga zimefungwa juu, viatu vya plastiki, kamba begani. Nikajua leo. Mbele yao bibi mmoja mwembamba, nikamwahi, "Shikamoo bibi." Akasema marahaba, akaiangalia kaiti, akaangalia vigingi, akaniangalia mimi, akasema, "Umekuja kuvuna?"

Wale wengine wakacheka mpaka mmoja akaweka gunia chini.

Nikaomba msamaha, akanikata, "Maneno baadae mwanangu, fungua kwanza, na usivute, ukivuta unakata." Ikabidi nitembee kigingi hadi kigingi nafungua kamba za kaiti, zimesukana na kamba za mwani, na kila nikikosea namsikia nyuma yangu, "tss". Kulikua na kamba tatu zimeng'oka na mwani wake umeanza kuelea. Nikadhani nikimaliza kufungua naondoka. Bibi akanipa rundo la vijikamba. "Na hizi utafunga wewe."

Kwahiyo ile asubuhi niliyoichagua kwa miezi miwili, kwa rangi na noti, nimeimaliza nimeinama nafunga mwani. Unachukua kitawi, unakizungushia kijikamba kwenye kamba kuu, usikaze kikakatika, usilegeze kikachukuliwa na maji, unasogea kiasi cha shubiri, kingine. Mgongo wangu wa ofisini uliniambia mambo. Wao wanafunga huku wanapiga soga, hata hawaangalii. Bibi alisema ameanza kazi hii tangu mwani wa kulima ulipoletwa upande ule, mwaka 1989, mbegu zikitoka Ufilipino, wakati huo hana mtoto hata mmoja, sasa ana wajukuu. Akanionesha kwamba walionao ni ule mwembamba, spinosamu, maana ule mnene wa kotonii wenye bei unakufa, maji yamekua moto. Mnunuzi anaukausha anaupeleka nje, huko unatolewa kitu cha kuzitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Nikakumbuka aiskrimu niliyokula jana yake hotelini, na bei yake.

Mmoja wa wale mama, kijana kidogo, akaniuliza, "Hiyo tiara unalipia bei gani?" Nikataja, kwa saa moja. Kimya. Akaanza kuhesabu kwa kilo za mwani mkavu, kwa sauti, vidole vya mkono wa kwanza, vya pili, akafika mahali akaacha akaendelea kufunga. Nilitamani maji yarudi yanifunike. Akasema wao hawana ugomvi na mchezo, ila kila msimu wa kusi kuna wanaopita na kukata kamba halafu wanapunga mkono kama wanasalimia.

Nikamuuliza bibi mbona maji yamekimbia namna hii. Akanyooka akashika kiuno. "Wewe si umesema mtu wa Pangani? Jana mwezi hukuuona?" Nikasema niliuona. Nilikua na picha kumi na tano. "Sasa mwezi mpevu si bamvua? Bamvua saa nne asubuhi maji yako kule," akanyoosha mkono mwambani, "na saa kumi jioni yanapiga ukuta wa hoteli zenu. Kila siku yanachelewa kidogo, kama saa moja kasoro. Subiri siku saba, maji mafu, hayaendi mbali, na hiyo saa nne yako yatakua yamejaa. Upepo huu hauna makosa. Ni kusi. Maji ndo hukuyauliza."

Chumba changu nilikua nimelipia siku sita.

Nikiwa nimeinama pale nilimkumbuka babu vibaya sana. Alikua hana saa ukutani. Alikua anahesabu mwezi kwa viungo vya vidole, leo mwezi ngapi, anasema kesho tukiamka tusifanye haraka, maji yatakua yametoka, au ananiambia niwahi kuvuta ngalawa kabla hayajatuacha kavu. Nilikua na miaka minane na nilijua bamvua na maji mafu kama ninavyojua leo siku ya mshahara. Tukahamia Dar, nikasomeshwa, nikapanga Tabata, ambako maji tunayoyafuatilia ni ya bomba. Jioni nilivyorudi chumbani nikaifungua ile programu, nikashusha kidole chini ya rangi za upepo. Kulikua na mchoro wa maji kujaa na kupwa, kila saa, kila siku, wiki mbili mbele. Ulikua pale muda wote. Sikuwahi kushusha kidole.

Siku zilizobaki nilienda na mwalimu saa alizosema yeye, saa saba, saa nane, maji yanapopanda, na siku ya mwisho niliteleza kutoka nguzo ya bendera hadi kwenye mtumbwi mmoja uliotia nanga, pengine mita mia, bila kuanguka. Mama nilimpigia nikamsimulia yote, alicheka mpaka akakohoa, halafu akauliza kama yule bibi nilimlipa kamba zake. Nilimlipa. Hakuhesabu, aliitia kwenye pindo la kanga akaniambia kaskazi ikija nije nifunge tena, nina mkono mzuri ila mzito.

Desemba nimeshaanza kuiangalia, na safari hii naanza na mwezi. Ila yule jamaa wa kaiti yenye kiraka, kama unasoma hapa, amana yangu ulisema utanirushia jioni ileile. Kiraka nilikikuta, kaka, na vali ilikua inavuja kabla yangu.